Watu Arobaini wa Ijumaa

“Mtu aliyeshushwa kwenye lori, ni mkazi au ni msafiri?”

Baba aliniuliza hivyo huku akitunga uzi kwenye sindano ya charahani, bila kuinua macho. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nimekuja likizo, nina jibu la karibu kila kitu, lakini kwa hilo nilibaki nimesimama na beseni la nguo mbichi mikononi. Kwanza nilidhani ananitania. Kisha nikadhani anataka tuanze mjadala wa siasa, na mimi mijadala ya siasa nilikuwa nimeichoka; huko chuoni tulikuwa tunaila asubuhi, mchana na jioni. Nikamwambia inategemea.

“Inategemea nini?”

Nikaenda kuanika nguo.

Kijiji chenyewe kilikuwa hakijatimiza mwaka. Kilikuwa kando ya barabara ya kutoka Ushirombo kwenda Geita, nyumba zimepangwa mistari kama daftari la mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri, na hakukuwa na mti wowote unaozidi kimo cha mtu. Niliposhuka kwenye lori la pamba lililonileta kutoka Shinyanga, nililazimika kuuliza njia ya kwenda kwetu. Msichana aliyenijibu alinionyesha kwa kidole: mstari wa tatu, nyumba ya saba, yenye charahani barazani. Hivyo ndivyo nilivyofika nyumbani.

Nilikozaliwa ni kwingine, mwendo wa saa mbili kwa miguu kupita porini, kwenye machimbo ya zamani ya dhahabu. Wazungu walipofunga mgodi, wafanyakazi waliotoka mbali, Tabora, Kigoma, Nyasa, wengi walibaki. Walikuwa wameshaoa, wameshazika. Baba alikuwa ametoka Tabora kuja kushona sare za mgodi, na jioni alifundisha watoto Kurani. Mama ni Msukuma wa upande wa Kolandoto. Alisilimu siku ya ndoa. Waislamu wa pale walijenga msikiti kwa matofali na mabati yaliyoachwa na mgodi, na nyuma yake kulikuwa na makaburi. Ndugu zangu wawili, ambao hawakufikia kutembea, wamelala pale, na pia mzee aliyemfundisha baba na kumwachia uimamu.

Kisha yakaja malori ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Sitaeleza sana, kila mtu wa umri wangu anajua malori yalivyokuja. Watu walipewa siku mbili. Sikuwepo, nilikuwa kwenye mitihani, nikiandika insha ndefu kuhusu maisha ya pamoja, na nilipata alama nzuri. Mama alinisimulia kwamba mgambo walikuwa na adabu kwa wanawake, lakini paa za nyumba waliziteremsha zote ili watu wasirudi. Mabati ya msikiti yaliezekwa kwenye ofisi mpya ya kijiji. Unaweza kuyatambua hata leo, kwa sababu yana matundu ya misumari mahali pasipohitaji misumari.

Ijumaa ya kwanza ya likizo ile niliona jambo lililonishangaza. Wanaume walikwenda kwenye msikiti mpya, ambao ulikuwa miti na nyasi tu, wakaswali, wakatoka mapema mno. Hapakuwa na hotuba. Nilimuuliza mama. Akasema hapa hawaswali Ijumaa, wanaswali adhuhuri ya kawaida, rakaa nne, kama siku nyingine.

“Tangu lini?”

“Tangu tuletwe. Muulize baba yako. Mimi nilimuuliza, akaniambia hatujatimia.”

Kwa asiyejua, nieleze kwa ufupi. Katika mafunzo aliyoshika baba, swala ya Ijumaa haisimami ila wawepo wanaume arobaini ambao ni wakazi wa mahali hapo. Na mkazi si yule tu anayelala hapo. Ni yule aliyepafanya pale kuwa kwao, asiyeondoka masika wala kiangazi ila kwa haja, na nia yake ni kubaki. Wasipotimia, inaswaliwa adhuhuri.

“Kwa hiyo mwanafunzi?” nilimuuliza.

“Mwanafunzi akikaa mjini hata miaka minne, moyo wake ukiwa kwao, anaswali na wenzake lakini hahesabiwi.”

“Kama mimi.”

“Wewe hata ungekuwa mwanamume,” baba alisema, akikata uzi kwa meno, “usingehesabiwa popote.”

Nilicheka, ingawa iliniuma. Nikamuuliza nani alisema arobaini, na kwa nini isiwe thelathini na nane. Wakati ule ndivyo nilivyokuwa. Hata chumvi niliiuliza kwa nini imo kwenye mboga.

“Na balozi,” akanijibu, “kwa nini awe wa nyumba kumi, asiwe wa nyumba tisa? Umewahi kuuliza huko?”

Kumbe jambo hilo la Ijumaa lilikuwa limeshafika ofisini. Siku mbili baadaye alikuja katibu wa kijiji, kijana Mkatoliki wa Ushirombo, mpole, viatu vyake vimeshonwa kwa waya. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kuliko sisi sote, maana sisi tulitakiwa kuishi kwenye kijiji kile tu, yeye alitakiwa pia kukielezea.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba, Ndugu Katibu. Kaa.”

“Mwalimu, Mkuu wa Wilaya anakuja Ijumaa ijayo. Ataona shule, ataona ghala, ataona kigango chetu sisi Wakatoliki. Nimeandika kwenye ratiba kwamba saa saba Waislamu watakuwa kwenye Ijumaa yao, asimame kidogo awaone. Sasa naambiwa hamna Ijumaa.”

“Hatujatimia arobaini.”

“Nimehesabu mwenyewe!” Akafungua daftari. “Wanaume Waislamu watu wazima, thelathini na tisa. Na wewe arobaini. Imetimia kamili, haina hata chenji.”

“Ni wakazi?”

Katibu alifunga daftari. “Mwalimu, nyie mna masharti kuliko chama cha ushirika. Kwetu wakikutana hata wawili, Yesu yupo. Sasa nikimwambia mkubwa kwamba hawa hawajakaa, ataniuliza, ‘Hawajakaa vipi, na lori nililiagiza mimi?’”

“Mwambie hatujatimia.”

“Ataelewa kwamba mnapinga vijiji.”

Baba aliweka kitambaa chini ya sindano. Alianza kukanyaga charahani, na kwa sauti ile hakuna mtu angeweza kuzungumza. Katibu aliponiaga alinong’ona, “Dada, wewe umesoma. Ongea na mzee. Kuna mtu kijiji cha pili alisema neno kama hili, wamemchukua, yuko mahabusu Kahama, mke wake kila Jumatatu anapanda lori kumpelekea chakula.”

Jioni ile niliongea naye, lakini si kama katibu alivyotaka. Nilimwambia baba kwamba ikiwa anapinga aseme anapinga. Mambo ya kujificha nyuma ya arobaini ni woga. Na ikiwa hapingi, aswalishe hiyo Ijumaa watu waishi kwa amani. Nilisema vizuri, kwa hoja tatu.

“Sikuulizwa kama napinga,” alisema. “Nimeulizwa kuhusu Ijumaa. Mimi ninachojua ni hiki tu.”

“Kwa hiyo watu wakimuuliza mwanazuoni swali la serikali, anajibu swali la swala?”

“Akijua la serikali, ajibu la serikali.”

Siku ya Jumatano alifika shehe kutoka mjini Shinyanga, ana barua yenye muhuri, amekuja kwa gari la idara fulani. Nilitarajia mtu mnene mwenye majivuno ili nimchukie kwa urahisi. Alikuwa mwembamba, ana kikohozi, na alikuwa amesoma kuliko baba. Walikaa barazani tangu alasiri, na mimi nilikaa ndani nyuma ya pazia nikichambua maharage, nikisikia kila neno.

Shehe yule alianza na aya ya kuwatii wenye mamlaka. Baba akasema anaikubali, na kwamba hakuna mwenye mamlaka aliyeamrisha nia. Shehe akasema ziko kauli nyingine za wanazuoni, wako waliotosheka na watu kumi na wawili, wako waliotosheka na watatu na imamu. Baba akasema anazijua, na kwamba hakuzifuata siku zote alipokuwa hazihitaji, sasa kwa nini azifuate siku anayokuja Mkuu wa Wilaya? Shehe akacheka mpaka akakohoa.

“Shehe wangu,” alisema alipotulia, “mimi na wewe tunafanya kazi moja. Wewe unatafuta kauli nzito ili usimame. Mimi natafuta kauli nyepesi ili watu wapite. Nimezunguka vijiji kumi na moja mwezi huu. Unadhani kila mahali nakuta arobaini? Nakuta watu wanaoogopa. Msikiti ukifungwa kwa sababu ya nia, watoto watasoma wapi?”

Nilijua jambo hilo limemgusa baba, kwa sababu charahani haikukanyagwa.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Nilitoka na ungo wangu wa maharage, nikawaamkia, nikasema kitu ambacho chuoni kingepigiwa makofi. Nikasema, kwa nini wazee wawili wanabishana kuhusu nia za watu thelathini na tisa ambao wako hai na wana midomo? Si waulizwe? Kila mmoja aseme mwenyewe kama amekaa au hajakaa. Nilikuwa na picha kichwani. Niliwaona wakinyanyuka mmoja mmoja kusema hapana, hatukuja wenyewe, na katibu akiandika.

“Nia haiulizwi hadharani,” baba alisema haraka.

“Kwa nini? Kama ni sharti, si lithibitishwe?”

“Binti yako ana akili,” alisema shehe wa mjini, na nilimwona jinsi alivyopumua. “Waulizwe. Wakisema ndiyo, jukumu ni lao. Sisi tunahukumu kwa kilicho dhahiri.”

Baba alinitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu aliyeona mvua inaanza na nguo ziko nje.

Ijumaa ilifika. Sisi wanawake tulikaa nyuma ya khanga zilizofungwa kwenye miti, jua linatuchoma kwa sababu paa lilikuwa nyasi kidogo na nafasi nyingi. Nilichungulia panapokutana khanga mbili. Wanaume walikaa safu nne juu ya mikeka na magunia. Katikati ya safu ya kwanza alikaa balozi wa nyumba zetu kumi, aliyekuwa mlinzi wa mgodi zamani, ambaye kila alichosikia kilifika ofisini kabla ya chai. Nilikuwa nimemsahau. Katika mpango wangu wote mzuri, sikukumbuka kwamba balozi naye anaswali.

Baba alisimama mbele ya mtu wa kwanza. “Umekaa hapa?”

Mtu yule alikuwa mchimbaji kutoka Kigoma. Alitazama mkeka. “Nimekaa.”

“Umekaa?” alimuuliza wa pili.

“Nimekaa.”

Mzee mmoja alisema, “Nimekaa, ila mgongo unaniuma,” na watu wakacheka kidogo, kicheko cha puani.

Kijana muuza vitenge alisema, “Nimekaa. Nitakwenda wapi?”

“Sema moja tu,” baba alimwambia.

“Nimekaa.”

Balozi alijibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: “Nimekaa! Mimi na vizazi vyangu!”

Kuanzia pale watu wakawa wanajibu kabla hawajaulizwa. Nimekaa, nimekaa, nimekaa, kama watu wanaopitishiana matofali. Nilikuwa na hasira nao. Wengine nilijua kabisa kwamba kila wiki wanajipenyeza porini kwenda kupalilia migomba yao kule machimboni. Mtu wa Nyasa alikuwa hata sufuria zake hajazitoa kwenye magunia, mkewe alipika kwa sufuria ya kuazima. Na wote wamekaa.

Walitimia thelathini na tisa. Imamu naye huhesabiwa. Shehe wa mjini alinyanyuka taratibu kutoka pembeni, maana yeye ni msafiri na hakuwemo kwenye hesabu, akasema kwa upole, “Na wewe, Mwalimu?”

Baba alikuwa amevaa kanzu yake ya nikahi, na kwenye ukosi alikuwa amesahau sindano. Niliiona inang’aa. Mama alinishika goti. Mimi nilijua baba yangu anachonuia, kwa sababu usiku wa kwanza wa likizo alinionyesha ufunguo wa mlango wa msikiti wa zamani, mlango ambao haupo tena, akasema anautunza kwa kuwa siku moja utahitajika. Mtu huyu alikuwa hajawahi kusema uongo hata kwa mteja kuhusu siku ya kumaliza suruali. Sasa alitakiwa aseme hapana na kuwaacha wote wale thelathini na tisa wakiwa wamejihesabu bure mbele ya balozi, na yeye apelekwe Kahama. Au aseme ndiyo, ndani ya msikiti, kabla ya swala.

Nilitaka aseme hapana. Nilitaka sana. Leo nikikumbuka, sikufikiria hata kidogo nani angepanda lori kila Jumatatu.

“Nimekaa,” baba alisema.

Akapanda juu ya tofali lililowekwa kama mimbari, akahutubia kwa muda mfupi kuhusu kutopunja mizani, akaswalisha rakaa mbili.

Mkuu wa Wilaya alifika saa tisa na nusu. Gari lilipasuka tairi njiani. Alitazama ghala, alikunywa soda akiwa amesimama, akauliza kuhusu mbegu za pamba, akaondoka. Kuhusu Ijumaa hakuuliza kitu. Ratiba ya katibu ilikuwa bado imekunjwa mfukoni mwake.

Kabla ya hapo, tuliporudi nyumbani kutoka msikitini, mama alikuwa ameshapakua ugali wa muhogo na mlenda. Nilimwambia baba kwamba amesema uongo mahali ambapo yeye mwenyewe alinifundisha nisivae viatu. Nilimwambia afadhali shehe wa mjini, ambaye anajua kwamba anauza bei rahisi na anasema hivyo. Nilisema na mengine.

Alinisikiliza mpaka mwisho. “Kula, mama,” aliniambia. “Likizo imekwisha, lori lako linaondoka alfajiri.”

Akamwomba mama maji kwenye kata, akanawa uani, akaingia chumbani na kufunga mlango. Nilidhani amekwenda kulala ili asinione. Nilikula peke yangu kwa hasira, na ugali wake ulikaa mpaka ukashika ganda juu.

Sikurudi kijijini kwa likizo mbili. Baadaye nilirudi, tukaongea, lakini mambo ya Ijumaa hatukuyagusa tena. Kila nilipokuja ilikuwa ikiswaliwa, watu wamejaa, nami nilihakikisha siku hiyo niko Kolandoto kwa jamaa za mama. Nilimaliza chuo, nikafundisha Shinyanga, nikaandika mambo mawili matatu kuhusu dini na dola ambamo baba yangu yumo bila kutajwa, na hakutokea vizuri. Niliandika kwamba wanazuoni wadogo wa vijijini walikuwa na elimu ya kutosha kuona na uoga wa kutosha kunyamaza. Nilijivunia sentensi hiyo miaka mingi.

Baba alifariki miaka michache iliyopita. Watu walikuwa wameshaanza kurudi machimboni, hakuna tena aliyewazuia, lakini yeye miguu ilikuwa imekataa. Alizikwa kijijini, nyuma ya msikiti ambao sasa una bati. Ufunguo niliukuta kwenye mtoto wa meza ya charahani, umefungwa kwenye kitambaa cha sare ya mgodi.

Siku ya tatu ya matanga tulikuwa jikoni na wanawake, tunapepeta mchele. Mama alikuwa akisimulia mambo madogomadogo ya marehemu, jinsi wajane wanavyofanya.

“Miaka yote hii,” alisema, “chakula cha Ijumaa alikula kimepoa. Akitoka msikitini anadai maji upya, anajifungia, anaswali adhuhuri yake. Rakaa nne zote. Ndipo anakula. Aliniambia, hii usimwambie mtu, ng’wana wane, binti yangu huyu, akijua ataiandika.”

Niliweka ungo chini.

Mke wa mtu wa Nyasa aliacha kupepeta. “Nne?” aliuliza. “Hata wangu. Alisema ni nadhiri.”

“Wangu alisema Ijumaa ile haimtoshi,” alisema mwanamke wa Kigoma. “Nikadhani amezeeka.”

Mwingine akasema hata wake, na mwingine. Nilihesabu tisa mle jikoni, na kila mmoja alikuwa amedhani ni mumewe peke yake. Wanaume wenyewe, kwa kadiri walivyojua wake zao, hawakuwahi kuambiana.

Kwenye kona, karibu na mlango, alikuwa amekaa mke wa balozi. Wanawake hawakuwa na mazoea naye. Alifuta mikono kwenye khanga.

“Mimi,” alisema, “kila Ijumaa alinisimamisha nje ya mlango nichungulie kama kuna mtu anakuja, mpaka amalize zote nne.”